Nilifanya shoo Moshi mjini tarehe 26 Desemba, kumbe watu wote wako mlimani

Tarehe 26 Desemba 2023, saa mbili na nusu usiku, nimesimama mlangoni kwa ukumbi niliokodi kwa hela yangu, mkononi nina kitita cha tiketi nilizochapa mwenyewe, ndani kuna watu 31 na kati ya hao tisa ni wazee wa ngoma wanaosubiri zamu yao ya kupanda stejini. Nilihesabu mara tatu. Mara ya tatu nikawa nawahesabu mpaka wahudumu wa vinywaji ili nafsi itulie.

Naandika hii kwa sababu kila ikifika Oktoba lazima kuna kijana ananipigia, dada nataka nifanye tamasha wiki ya Krismasi, watu wanarudi nyumbani na hela, nimeshaona ukumbi. Sa kuliko kumwelezea kila mmoja kwa simu bora niweke yote hapa, na hesabu zake.

Mimi nina steshenari Moshi mjini, siyo mbali na mnara wa saa. Tunatoa kopi, tunachapa kadi za harusi, ubarikio (kipaimara cha Walutheri), komunio, sendoff, jubilei, yani kuanzia Oktoba mpaka katikati ya Desemba sipumui. Pembeni nina kikundi cha maigizo, tuko saba, tulianzia kwenye umoja wa vijana kanisani tukiigiza habari ya kuzaliwa kwa Yesu kila mwaka, mimi miaka mitatu mfululizo nilikuwa mke wa mwenye nyumba ya wageni, yule anayesema hakuna nafasi. Basi mwaka ule tukasema tumekua, tutoke kanisani tufanye kitu cha kulipiwa.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri na mpaka leo nasema lilikuwa zuri. Si unajua Desemba ya huku, Wachaga tunataniwa nchi nzima kwamba tunaenda nyumbani kuhesabiwa, mabasi ya Dar yanajaa, treni nayo toka irudishwe Moshi Desemba 2019 inajaa, magari yenye vumbi la safari yanapanga foleni Himo utadhani kuna mtu anagawa kitu bure. Nikajisemea hawa watu wote wana hela ya likizo na wana kiu ya vitu vya nyumbani. Tutawapa iringi, ngoma ya asili ya Wachaga, ya wazee wa kwetu Old Moshi, tutawapa igizo fupi, tutawapa mchekeshaji, tunafunga na muziki laivu. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku. Kawaida elfu tano, VIP elfu kumi na kiti kina kitambaa.

Hesabu hii hapa, sifichi. Ukumbi laki tano. Spika na taa laki nne. Jenereta laki moja na mafuta elfu sitini. MC laki na nusu. Mchekeshaji kutoka Arusha laki mbili, nauli humo humo. Wazee tisa posho elfu ishirini kila mmoja, na gari la kuwashusha na kuwarudisha elfu themanini. Mabango na tiketi 130,000 na hapo ni bei ya mimi kujichapia, ningekuwa mteja ingekuwa zaidi. Gari la matangazo elfu sabini. Vibali na mizunguko yake laki na kumi. Chakula cha wasanii elfu tisini na tano. Jumla 2,075,000. Milioni moja kati ya hiyo nilikopa kwenye kikoba chetu cha akina mama, na kikoba hakina Krismasi, riba inatembea tu.

Vibali nitasema kwa ufupi maana vilinichosha. Sanaa iko chini ya BASATA, baraza la sanaa la taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, hiyo nilikuwa naijua. Nisichokijua ni kwamba igizo la jukwaani linaguswa pia na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976, mimi akilini mwangu filamu ni kamera, sisi hatuna kamera. Alafu ukipiga nyimbo za watu ukumbini kuna suala la hakimiliki, sheria ya mwaka 1999, ndo maana tukaamua muziki uwe wetu na wa asili tu. Kosa langu halikuwa kukataa kufuata taratibu, lilikuwa tarehe. Barua moja niliipeleka tarehe 19 Desemba, nikaambiwa mwenye kusaini kashaanza likizo, kaenda kwao. Ofisi siitaji. Na ningemlaumu vipi wakati biashara yangu nzima nilikuwa nimeijenga juu ya watu kwenda kwao? Nilizunguka siku tatu mpaka akapatikana mwingine wa kukaimu. Kwa hiyo ukitaka kufanya kitu Desemba, Oktoba uwe umeshakaa na afisa utamaduni wa halmashauri yako, muulize yeye kila kitu kinachohitajika, usiulize msanii mwenzio kama nilivofanya mimi, kila msanii atakupa orodha yake.

Na jua pia kwamba Moshi siyo halmashauri moja. Mjini ni manispaa, ukipanda Old Moshi, Kibosho, Uru au Marangu umeshaingia halmashauri ya wilaya, ukienda Machame uko Hai, Rombo nao wana yao. Karatasi ya mjini usiifikirie ni ya mlima mzima.

Gari la matangazo lilizunguka siku nne, Majengo, Pasua, Soweto, Njoro, Kiboriloni siku ya soko, stendi. Sauti safi kabisa, "burudani ya nyumbani kwa watu wa nyumbani." Leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Watu wa nyumbani niliokuwa nawatangazia walikuwa juu, migombani, na gari langu halikupanda hata kilomita moja kuelekea mlimani. Nilikuwa nawatangazia watu wanaoishi Moshi mwaka mzima, ambao Desemba ndo hawana hela kabisa, wana ada ya Januari kichwani.

Sasa usiku wenyewe. Kumbuka 2023 ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino na pia kipindi cha mgao wa umeme, kwa hiyo jenereta nilikodi nikijisifu kwamba nimefikiria mbele. Umeme ukakata saa moja na dakika kumi. Jenereta likawaka, lakini kumbe mwenye jenereta alimuuliza kijana wangu "la taa?", kijana akajibu ndiyo, akaletewa la taa. Spika zikiwashwa zote linakoroma alafu linazima. Tukafanya shoo nzima na spika mbili kati ya sita. Muulize mwenye spika anahitaji nguvu kiasi gani, mpe namba ya mwenye jenereta waongee wao kwa wao, wewe usiwe mkalimani wa kitu usichokijua.

Lakini umeme siyo uliouwa usiku ule. Kilichouma ni wazee.

Iringi ya wazee wetu inachezwa kwenye duara. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, njuga za miguuni zinashika mapigo, na anayesikia wimbo umemgusa anaingia duarani, hakuna mtazamaji hapo kila mtu ni wa ndani. Mimi nikawapanga mstari mmoja, wamegeukia watu, kama kwaya ya mashindano, maiki mbili mbele yao kwenye vyuma. Mzee anayeanzisha, tunamwita Meku tu, ana miaka sabini na kitu, aliisogelea maiki, akaiangalia, akarudi nyuma hatua moja. Sauti ikawa haisikiki. MC akamrudisha kwenye maiki kwa kumshika bega. Akaimba mistari miwili akarudi tena nyuma, kwa sababu shingo inamgeuka kutafuta wenzake na wenzake wako pembeni siyo mbele. Dakika sita. Niliwapangia ishirini, wakamaliza kwa sita, wakashuka wakakaa. Makofi yalikuwepo, yale ya huruma.

Mchekeshaji akafuata. Kijana ana kipaji, Arusha wanamkubali, ila aliingia na lugha ya Chuga, yani ya mitaani Arusha, moja kwa moja, machalii sijui maarifu, wazee wangu wakawa wanatazamana. Alafu akaanza utani wa Wachaga na hela. Sikiliza, utani huo tunautaka, tunautania wenyewe kila siku, lakini kuna namna. Alipofika kwenye mzaha wa mtu aliyemuua ndugu yake kwa ajili ya shamba la kahawa nikaona kina mama wawili wa VIP wanachukua pochi zao. Familia ngapi mlimani zina kesi ya kihamba, yani shamba la ukoo, saivi? Yule kijana hakujua kwamba hicho siyo kichekesho, hicho ni kikao cha kesho yake asubuhi nyumbani kwa mtu. Mimi ndo nilitakiwa kumwambia, nilipitia igizo letu mstari kwa mstari ila yeye sikumuuliza hata mada.

Mpaka mwisho tiketi zilizouzwa ni 58 za elfu tano na 11 za elfu kumi. Laki nne kamili. Hasara 1,675,000. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nyuma ya ukumbi na kiukweli nililia, siyo kwa hela peke yake, nililia nikikumbuka Meku alivyoshikwa bega.

Wakati tunawapakia wazee kwenye gari ndo Meku akaniambia, wala hakuwa amekasirika, "Mwanangu, leo kwa jirani yangu kuna ubarikio, kwa kaka yangu kuna ubarikio, kule juu kuna harusi. Sisi tumekuja huku kwa heshima yako." Nikamuuliza kwa nini hukuniambia mapema. Akasema, "Nilijua unajua, kadi si umezichapa wewe?"

Hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa Mungu hamtupi mja wake, kati ya wale kina mama wa VIP waliochukua pochi mmoja alinisubiri nje kwenye gari. Kwao Marangu, anaishi Dar. Akaniambia yule kijana wenu mwambieni apunguze, ila wale wazee nawataka. Mama yake anatimiza miaka tisini, familia imekusanyika yote, tarehe 28 wana shughuli nyumbani, wamelipia DJ lakini mama hana habari na DJ. Akasema nina laki mbili na nusu, inatosha? Nilivyokuwa na hali ile angesema elfu hamsini ningekubali.

Tarehe 28 tukapanda Noah mbili kutoka Moshi, kupitia Himo mpaka Marangu Mtoni, hapo ni kilomita kama arobaini, alafu tukaingia ndani ndani kwa miguu kwa sababu magari ya wageni yalikuwa yamejaa njia nzima. Kiwanja kimefagiwa mpaka kinang'aa, mkahawa huku, mgomba huku, turubai la bluu limefungwa kwenye mti wa parachichi, mbege, pombe ya ndizi, iko kwenye ndoo kubwa imefunikwa jani la mgomba. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, iko mezani imeshasimamishwa, majani mdomoni. Hakuna steji. Nikaanza kuhangaika nitafute pa kuwapanga wazee, Meku akanipita tu kama hanioni, akaenda kusimama katikati ya kiwanja na wenzake wakamzunguka bila kuambiwa. Kijana wa DJ akamkimbizia maiki. Meku akaisukuma kwa nyuma ya kiganja, taratibu, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

Alafu akaanzisha.

Yani watu walikuwa wanakula, kijiko kikabaki hewani. Bibi mwenye shughuli alikuwa kwenye kiti chake amefunikwa khanga mbili, nikaona miguu inaanza, vidole tu kwenye kandambili, juu chini juu chini. Akaomba fimbo yake. Binti yake akamwambia mama kaa, akamjibu kwa Kichaga maneno ambayo sitayaandika, akasimama na akaingia duarani. Mjukuu mmoja wa kiume, mwenye suti, alikuwa anarekodi kwa simu toka mwanzo, nikamwona anaiangalia simu, anaiangalia duara, akaitia simu mfukoni akaingia. Baada ya hapo sikuweza tena kutofautisha wasanii na wenye shughuli. Niliwapangia dakika ishirini kama kule ukumbini, walikwenda saa nzima na dakika kumi, mvua ikashuka saa tisa alasiri kama kawaida ya huku, tukabanana wote chini ya turubai na njuga zinaendelea kulia humo humo.

Igizo letu likafuata. Linahusu mtu anayerudi nyumbani Desemba na Prado ya kukodi, mwenye gari anampigia simu kila saa kuuliza mafuta. Mjini lilichekesha kidogo. Pale Marangu, tulivyofika kwenye simu ya kwanza, kiwanja kikanyamaza kimya, watu wote wakawa wanaangalia upande mmoja. Kumbe shemeji wa familia kaja na gari la kukodi kweli, na wote wanajua, na hakuna aliyethubutu kusema. Moyo ulinidunda, nikafikiri hapa tunarudi bila hela. Aliyeanza kucheka ni yule bibi. Akacheka mpaka akakohoa, shemeji mwenyewe akainua mikono kama amekamatwa na polisi, kiwanja kikapasuka. Toka siku hiyo tukifika nyumba ya watu nauliza kwanza, mama, kuna mtu hapa kaja na gari la kukodi? Nikijibiwa ndiyo namuuliza mwenye shughuli kama anataka tuigize hilo au lile la mtu aliyekuja na mchumba wa tatu. Wengi wanachagua Prado.

Pale pale tukapata nyumba ya tarehe 29, Kilema, na mbili za tarehe 30. Hatukuwa na kadi ya biashara wala ukurasa mtandaoni, mtu alikuwa anakuja anasema na sisi kwetu mje. Kwa nyumba hizo tatu na ile ya 28 tuliingiza milioni moja na laki moja, pamoja na kutunzwa 215,000. Nikalipa wazee, nikalipa magari, nikalipa wenzangu, nikabaki na 520,000. Kwa hiyo hasara ikashuka mpaka 1,155,000. Kikoba nilimaliza kulipa Juni.

Januari biashara ikitulia nikafungua kompyuta ya dukani nikapitia kadi zote za Desemba nilizochapa. Zilikuwa 41. Kumi na saba tarehe 26. Za mjini kabisa, yani ukumbi wa Moshi mjini, zilikuwa sita tu, zilizobaki zote "nyumbani kwa wazazi" Kibosho, Mwika, Uru, Machame, Mamba, Rombo. Nilikuwa na ramani ya wiki nzima kwenye mashine yangu, nimeisahihisha herufi kwa herufi, majina ya watu nimeyahakiki mara mbili mbili, na sikuisoma.

Wiki yenyewe inakwenda hivi kwa nilivyoiona sasa. Mpaka tarehe 24 watu wako njiani au wanamsaidia mzee kurekebisha paa, usiku wanaenda ibada ya mkesha. Tarehe 25 kanisa alafu kila mtu kwao, hakuna atakayetoka. Tarehe 26 ni ubarikio na komunio na harusi, ukiwa na shughuli siku hiyo wewe ni mtu wa pili kwenye ratiba ya kila mtu. Tarehe 27 kuna vikao vya ukoo na kusafisha makaburi, siku hii usiiguse kwa burudani, watu wanatoka kwenye kikao wamenuna. Kuanzia tarehe 28 mpaka 30 ndo dirisha, watu wamepumzika, maneno ya mashamba yameshasemwa, hela bado ipo kidogo, na wameanza kuboreka na kuangaliana. Tarehe 31 mkesha wa mwaka mpya, nusu kanisani nusu baa. Ikifika tarehe 2 foleni ya kurudi Dar. Na mambo yote ni mchana. Usiku mlimani ni baridi, njia zina utelezi na mama yake mtu hataki wajukuu watoke. Watu wa Ulaya wanasema wiki hii kwao ni giza la saa kumi alasiri ndo maana wanajaa kwenye kumbi za ndani, sisi ni kiangazi kinaingia, mtu anataka kukaa kiwanjani kwao aone mlima asubuhi kabla mawingu hayajaufunika.

Kwa hiyo Desemba 2024 sikukodi ukumbi. Nilichofanya ni kitu cha kipuuzi kabisa, kila kadi ya mlimani niliyochapa kuanzia Oktoba nikaweka karatasi ndogo ndani ya bahasha ya mteja, iringi na igizo, nyumbani kwako, bei hii, namba hii. Bei nikaweka laki tatu na nusu kwa nyumba za karibu, laki nne na nusu kwa Rombo na Machame kwa sababu ya usafiri. Nusu inalipwa siku ya kukubaliana, kwa simu, nusu tukishavaa njuga kabla ya kuanza. Kabla ya kuanza, siyo baada, naomba unielewe hapo, ikifika saa kumi na mbili jioni mweka hazina wa familia huwa hapatikani au anapatikana ila hawezi kuhesabu.

Hela ya kutunzwa mkubaliane mapema. Mwaka wa kwanza tuligombana njiani Himo kwa sababu ya elfu arobaini aliyotunzwa Meku kwenye paji la uso, wenzangu wakasema ni ya kikundi, wazee wakasema kipaji ni cha Meku. Sasa ya wazee ni ya wazee, ya waigizaji ni ya waigizaji, mimi sishiki. Na mbege nimeweka sharti, kata moja kabla na kadri upendavyo baada. Meku alilipokea kwa uchungu.

Spika tunabeba moja tu ya kuchaji, kwa ajili ya igizo. Wazee hawaguswi na maiki. Mwenyeji ndiye anayetoa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, namwambia mapema na nahakikisha kaitoa.

Pamoja na ujanja wote huo tarehe 28 Desemba 2024, Jumamosi, nilipokea nyumba mbili, Machame saa sita na Rombo Mkuu saa kumi. Kwenye karatasi ilionekana inawezekana. Mtu yeyote anayeijua Kilimanjaro ameshacheka hapo, moja iko upande wa magharibi wa mlima nyingine upande wa mashariki, katikati kuna Moshi mjini, Himo na foleni ya harusi zote za Mwika. Tulifika Mkuu saa kumi na mbili na robo jioni, wageni nusu wameshaondoka, wazee wangu wamekaa kwenye Noah masaa mpaka mmoja magoti yakagoma kunyooka. Nilirudisha nusu ya hela bila kuombwa na bado yule baba mwenye nyumba alinitazama hivi. Nyumba moja kwa siku. Kama ni mbili ziwe upande mmoja wa mlima na ziachane kwa safari ya kifodi kimoja, yani daladala.

Mwaka ule wa pili tulifanya nyumba tano, nikabaki na 690,000 baada ya kulipa kila mtu, siyo utajiri, kwa kadi naingiza zaidi. Mchekeshaji wa Arusha nilimwita tena safari hii, nikakaa naye siku moja kabla nikamwambia maneno ya kihamba na maneno ya urithi yaache, akaleta mzaha wa basi la Dar lililobeba ndizi kuliko abiria, bibi mmoja Mamba akamwita "mwanangu" na kumfungia mkungu wa ndizi mshare arudi nao Chuga.

Kwa Desemba inayokuja nimeshapokea advansi tatu, ya tarehe 28, 29 na 30, zote upande wa Vunjo, kule kwenye Marangu na Kilema. Jana mteja mpya kapiga anataka tarehe 26, analipa laki sita bila kushusha hata shilingi. Nimemwambia hapana. Mtoto wa dada yangu ana ubarikio siku hiyo, kadi nimezichapa mwenyewe.